Nilikuwa na wafuasi 4,000 mtandaoni, na hakuna aliyekuwa amesoma hadithi yangu

Oktoba ni mwezi wa raha kwetu Runyenjes. Ndio mwezi wa bonasi ya majani chai, na yeyote aliyelelewa kwenye miteremko ya Mlima Kenya anajua maana yake. Karo inalipwa, mabati yananunuliwa, deni la dukani linafutwa na jioni senta nzima inanukia nyama choma. Mwaka wa 2021 mama alitoa Sh18,000 katika bonasi yake akanitumia kwa M-Pesa. Hakuuliza mengi. Aliuliza tu kama hicho kitabu kitakuwa na jina langu juu. Nikamwambia ndiyo mama, kitakuwa nalo.

Pesa hizo zilikuwa za "mchapishaji". Alama hizo nimeziweka makusudi. Tulikutana kwenye inboksi ya Facebook. Alikuwa amesifu posti yangu moja, akasema kazi yangu ina mvuto wa kimataifa, akanitumia picha za majalada yanayong'aa ya vitabu ambavyo alidai ni vyake. Alitaka Sh18,000 za uhariri, jalada na nakala 50 za kwanza. Nikatuma pesa, nikatuma na mswada mzima, kurasa 112. Wiki ya kwanza alikuwa akinijibu ndani ya dakika mbili. Wiki ya tatu ikawa ni tiki moja ya kijivu kwenye WhatsApp. Kufikia Desemba ukurasa ule haukuwepo tena, na hadi leo sijui mswada wangu umelala wapi.

Naanza na aibu hii kwa sababu swali ninaloulizwa sana na vijana wanaoandika, wawe wa Meru mjini, Chuka au Embu, ni lile lile: nitajulikanaje mtandaoni kama mwandishi? Mimi nilikuwa najulikana. Nilikuwa na wafuasi karibu 4,000. Nilipotangaza kwamba kitabu kiko njiani, watu zaidi ya 200 waliniwekea alama ya moyo na wengine wakaandika "moto sana". Katika hao wote, hakuna hata mmoja aliyekuwa amesoma sura ya kwanza. Laiti angekuwepo mmoja tu, mwenye tajriba kidogo, angeniambia kwamba mswada haujaiva. Pia angeniuliza ni mchapishaji gani huyo anayemtoza mwandishi pesa.

Hapo ndipo nilipokosea hesabu. Nilidhani mtandao wa mwandishi ni umati. Nikawa napost kila siku, naweka nukuu tamu juu ya picha za machweo, nawatumia waandishi wakubwa ujumbe wa "shikamoo mwalimu, naomba unisomee kazi yangu" na faili la kurasa mia moja chini yake. Hebu jiweke katika nafasi ya huyo mwalimu. Hakujui, hujawahi kumwambia neno lolote kuhusu kitabu chake, na salamu ya kwanza tayari unamtwika gunia. Wengi hawakunijibu, na sasa siwalaumu.

Kabla ya Facebook

Kuna kisa ambacho kila chipukizi Mkenya anafaa kukijua, hasa anayeishi mbali na Nairobi.

Binyavanga Wainaina, mzaliwa wa Nakuru, alikwenda Afrika Kusini kusoma miaka ya 1990 na masomo hayakumwendea vizuri. Alikaa muda mrefu chumbani akisoma riwaya badala ya kwenda darasani. Alipoanza kuandika, aliingia kwenye tovuti ambako watu wasiojuana walikuwa wakisomeana rasimu na kukosoana. Huko ndiko alikofahamiana na Mnigeria mmoja aliyekuwa akisoma Marekani, Chimamanda Ngozi Adichie. Leo jina hilo halihitaji maelezo. Wakati huo hakuna kati yao aliyekuwa na jina. Walikuwa wasomaji wawili wa rasimu, kila mmoja na kompyuta yake.

Simulizi yake, Discovering Home, ilichapishwa na jarida la mtandaoni lililoitwa G21. Alipoituma kushindania Tuzo ya Caine, mwanzoni aliambiwa kwamba kazi za mtandaoni hazikubaliwi. Hakunyamaza. Alijibu kwa hasira, waandalizi wakalegeza kamba, na mwaka wa 2002 akaibuka mshindi. Adichie naye alikuwa kwenye orodha ile ile ya walioteuliwa. Mwaka uliofuata, 2003, Binyavanga na wenzake wakaanzisha jarida la Kwani? jijini Nairobi, na mwaka huo huo Yvonne Adhiambo Owuor akanyakua Tuzo ya Caine kwa hadithi iliyotoka humo humo.

Angalia tarehe vizuri. Facebook ilizaliwa 2004. WhatsApp ilikuja 2009. Watu hawa walijenga mtandao wao bila kitufe cha kulaiki. Walichokuwa nacho ni mazoea ya kusoma kazi ya mwenzako mpaka mwisho na kumwambia ukweli. Sisi tuna simu mkononi na bando la Sh20, na mara nyingi tunachopeana ni moto na makofi.

Mwalimu wa Kilifi

Baada ya kuchomwa na yule "mchapishaji" nilikaa miezi kadhaa bila kuandika. Nilikuwa nimehamia Meru mjini, nikifanya kazi ya saiba maeneo ya Makutano, nikiwachapishia watu barua za kuomba kazi na kuwajazia fomu za KRA. Mteja mmoja, mwanafunzi wa chuo, aliniona nikichezea hadithi kwenye kompyuta akaniingiza kwenye grupu la WhatsApp la watu wanaoandika hadithi fupi kwa Kiswahili. Tulikuwa sitini hivi, kutoka Embu, Meru, Nakuru, Mombasa, Kilifi, Unguja na hata Goma.

Grupu hilo lilikuwa na sheria moja ambayo ilinichukiza siku ya kwanza: huweki kazi yako kabla hujatoa maoni juu ya kazi mbili za wengine. Nikaandika chapuchapu, "Kazi safi, hongera sana", mara mbili, nikaweka yangu. Admini akaifuta. Akaniambia kwa upole nirudi, nisome, kisha niseme ni sentensi gani ilinifanya nisimame na kwa nini. Nilikasirika, nikaondoka. Baada ya siku tatu nikaomba kurudishwa.

Humo ndimo nilipokutana na mwalimu mmoja wa shule ya msingi kutoka Kilifi. Nilipoweka hadithi yangu ya kwanza alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika kumi na moja. Alianza kwa salamu ndefu, akauliza habari za wazee wangu na mvua, halafu akaingia kazini. Akaniuliza kwa nini wahusika wangu wote wanaingia "kwa nyumba", wanaweka chai "kwa meza" na kulala "kwa kitanda". Sikuwahi kuliona hilo. Huku kwetu ndivyo tunavyosema, kuanzia stejini hadi ofisini, na shuleni ngeli tulizisoma za kupasia mtihani, basi. Yeye akanionyesha nyumbani, mezani, kitandani. Herufi mbili tu, "ni", na sentensi inapumua.

Lakini, na hapa ndipo nilipomheshimu, alisema mazungumzo ya makanga nisiyaguse. Makanga wa Makutano akianza kusema kama shehe wa Lamu, msomaji hatamwamini tena. Msimulizi asimulie kwa Kiswahili chake sanifu, mhusika aongee kwa mdomo wake mwenyewe. Ushauri huo sikuwahi kuupata katika miaka minne ya kupost.

Sisi wa bara tuna kitu cha kuwapa watu wa pwani pia. Mwalimu alikuwa akiandika riwaya yenye mhusika Mmeru, mfanyabiashara anayekula miraa. Ukurasa wa tatu jamaa huyo akawa anabugia majani tu, konzi kwa konzi. Nikacheka peke yangu saiba. Nikamwandikia: mwalimu, hiyo ni muguka. Muguka ni ya Mbeere, huku Embu, na ndiyo inayotafunwa majani. Miraa ya Igembe huliwa kijiti, unaambua ganda laini kwa meno. Mmeru wa Maua hawezi kuchanganya hizo mbili. Akasema ameokoka, maana angechekwa kuanzia Maua hadi Eastleigh. Tangu siku hiyo tukawa tunasomeana kila wiki, sura kwa sura.

Tulikaribia kukosana Mei 2024. Serikali za kaunti za Mombasa na Kilifi zilipiga marufuku muguka, magavana wakisema inaangamiza vijana. Huku Embu ilikuwa kilio, kwa sababu kuna familia za Mbeere ambazo karo yote inatoka kwenye kichaka hicho. Kesi ikapelekwa Mahakama Kuu ya Embu, ambayo ilisimamisha marufuku hiyo kwa muda. Ndani ya grupu kukawaka. Watu waliokuwa wakisahihishiana nukta na mkato sasa wanatupiana maneno ya kikabila. Wengine walijiondoa, akiwemo mwandishi mmoja wa Siakago ambaye kwa maoni yangu alikuwa mzuri kutuliko sote.

Mwalimu hakuandika chochote kwa siku mbili. Halafu akanitumia, kwenye inboksi, hadithi ya kurasa sita kuhusu mvulana wa darasa la saba anayesinzia kila asubuhi kwenye dawati la nyuma, shavu moja limevimba. Hakuongeza neno. Niliisoma usiku huo na sikulala vizuri. Baada ya wiki nilimjibu kwa hadithi ya mama anayechuma muguka saa kumi na moja alfajiri ili mwanawe asirudishwe nyumbani kwa sababu ya karo. Hatujakubaliana hadi leo. Ila hadithi hizo mbili ni kati ya kazi bora ambazo kila mmoja wetu ameandika, na zisingeandikwa kama tungekuwa tunatafuta wa kutusifu tu.

Kutoka hapa hadi Nairobi

Zamani, mwandishi wa upande huu wa mlima alilazimika kuhama. Kithaka wa Mberia alitoka Tharaka, akawa profesa Chuo Kikuu cha Nairobi, na tamthilia yake Kifo Kisimani ikasomwa na wanafunzi wa sekondari nchi nzima. Ciarunji Chesaina alikusanya simulizi za Waembu na Wambeere katika kitabu kilichochapishwa 1997. Wahariri, wachapishaji na maonyesho ya vitabu, vyote viko Nairobi, zaidi ya kilomita 200 kutoka Meru. Nauli ya kwenda na kurudi ukiongeza chakula ni pesa ambazo kijana wa kibarua hawezi kuzitoa kila mwezi ili akae kwenye kikao cha waandishi.

Sasa kikao kinakuja kwako. Mfano ninaoupenda ni wa Jalada, kundi la waandishi wa Kiafrika lililoanza 2013, wanachama wakiwa nchi mbalimbali na kazi nyingi ikifanyika kwa barua pepe. Mwaka wa 2016 walichukua hadithi fupi ya marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyoiandika kwa Gikuyu, wakaomba watafsiri wajitokeze. Ilianza kwa lugha zaidi ya 30 na ikaendelea kuongezeka mwaka baada ya mwaka. Huo ndio mtandao ninaouelewa: watu wengi, kila mmoja na kazi yake mkononi.

Nakumbuka hilo kila ninapoona vijana wetu kwenye TikTok wakiigiza kwa Kimeru na Kiembu, tena kwa ustadi. Wanapata watazamaji wengi kuliko mwandishi yeyote. Lakini hadithi ambazo cucu alinisimulia jikoni, moshi ukituchoma macho, nani anaziandika? Mimi nilirekodi tatu kwa simu kabla hajafariki. Nilipoziweka kwenye grupu kwa Kiswahili, mwenzetu wa Unguja akasema mojawapo anaijua, ila kwao fisi ni papa. Tukapiga gumzo la hadithi hiyo moja hadi saa saba usiku.

Usidharau hata kilicho karibu. Maktaba za umma ziko Meru na Embu, na Chuo Kikuu cha Embu, kile cha Chuka na kile cha Sayansi na Teknolojia cha Meru kule Nchiru vimejaa vijana wanaoandika kimyakimya. Watu wanne wa grupu letu tunaoishi Meru tuligundua kwamba tumekuwa tukipita sokoni Gakoromone kila Jumamosi bila kujuana. Siku hizi tunakutana, tunanunua chai na mandazi, tunasoma kwa sauti. Kuna makosa ambayo sikio hunasa na jicho hupita tu.

Pesa, wizi na kazi zisizo na jina

Tuseme ukweli, wengi wanaojiita waandishi wa mtandaoni katika miji yetu ya vyuo huishi kwa kuandika insha za wanafunzi wa ng'ambo. Nimeifanya kazi hiyo, kwa hivyo simhukumu mtu. Inalipa kodi ya nyumba. Ila inakula usiku wako wote, jina lako haliko popote, na unayemwandikia hana haja ya kukujua. Baada ya mwaka mmoja nilikuwa nimeandika maneno mengi kuliko riwaya mbili na sikuwa na ukurasa hata mmoja wa kumwonyesha mtu. Kama ni lazima uifanye, basi tenga saa moja ya alfajiri kwa kazi yako mwenyewe.

Kwa Kiswahili kuna milango, japo si mingi. Tuzo ya Safal, iliyoanzishwa 2014 ikiitwa Mabati Cornell, hupokea miswada ambayo haijachapishwa. Mmoja wa washindi wa kwanza mwaka wa 2015, Mohammed Ghassani, ni mshairi wa Pemba aliyekuwa akiishi na kufanya kazi Ujerumani. Umbali haukumzuia. Matangazo ya namna hii mimi huyapata kwenye grupu, kwa sababu kuna mtu huyaona na kuwakumbuka wenzake. Nami nikiona langu, nalirusha.

Kuhusu wizi, sheria iko upande wako kuliko unavyodhani. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inaitambua kazi kuwa yako tangu unapoiandika, na ulinzi huo hudumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa. Kuisajili kwa KECOBO hukupa ushahidi mkononi. Mimi siku hizi kabla ya kumtumia mtu yeyote mswada najitumia mwenyewe kwa barua pepe, ili tarehe ibaki, na mtu mgeni simpi zaidi ya sura moja. Mazungumzo ya pesa nayahifadhi kwa skrinishoti.

Na mtu akikujia kwenye inboksi akikwambia kazi yako ina mvuto wa kimataifa, muulize ameipenda sehemu gani. Swali hilo dogo lingeniokolea Sh18,000. Mchapishaji wa kawaida hugharamia kitabu kisha akakulipa mrabaha kwa kila nakala inayouzwa. Wapo wanaotoza ada ya uhariri na uchapaji kwa haki kabisa, lakini hapo mchapishaji ni wewe, na unafaa kuona ofisi, mkataba na vitabu vyao madukani kwanza. Nambari ya ISBN humu nchini hutolewa na Huduma ya Maktaba ya Kitaifa. Yule wangu alisema ataitoa mwenyewe "kutoka London".

Mwaka jana hadithi yangu ile ya mama wa muguka ilichukuliwa katika mkusanyiko wa hadithi fupi. Mhariri aliisikia kutoka kwa mwalimu wa Kilifi, ambaye ya kwake iko humo pia, kurasa chache kabla ya yangu. Nililipwa Sh5,000. Nilimtumia mama zote, nikamwambia zimebaki Sh13,000.

Alipopokea nakala aliipapasa jalada kwanza, akatafuta jina langu kwenye orodha, akalipata. Kisha akauliza huyo mwalimu ni mtu wa wapi, na kama nimewahi kumwona uso kwa uso. Nikamwambia bado, mama. Akatikisa kichwa, akaenda jikoni, akarudi na mfuko wa maparachichi. Akasema nitafute basi la Mombasa nimpelekee, maana huko kwao yatakuwa ghali.